Fanani, Hadhira na Kanda: Tajriba ya Mashabiki wa Bendi ya Grateful Dead

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Methali hii ina ukweli wake, lakini zipo ngoma zilizovuma miaka mingi kabla ya kupasuka, na sababu ya kupasuka kwake haikuwa uchovu wa wapigaji pekee, bali pia kwamba wachezaji walizidi kiwanja. Mojawapo ya ngoma hizo ni ile ya Grateful Dead, bendi ya muziki wa roki iliyoundwa mwaka 1965 katika jimbo la California nchini Marekani. Bendi hiyo ilitoa takriban maonyesho 2,300 katika muda wa miaka 30, ikavunjwa rasmi mwezi Desemba 1995, miezi minne baada ya kifo cha mpiga gitaa wake mkuu, Jerry Garcia.

Makala haya hayakusudii kuisimulia historia ya bendi hiyo kwa mapana. Kinachochunguzwa ni tajriba ya wale waliosimama upande wa pili wa jukwaa: mashabiki waliojulikana kwa jina la Deadheads, ambao baadhi yao waliifuata bendi kutoka mji hadi mji, msimu baada ya msimu, na kuhudhuria maonyesho yake mara hamsini, mara mia, hata zaidi. Mwanafunzi wa Kiswahili huenda akauliza suala hili lamhusu nini. Jibu ni kwamba mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa tangu muhula wa kwanza kuwa utungo simulizi haukamiliki pasipo fanani, hadhira na mazingira ya utendaji, na kwamba hadhira si chombo cha kupokea tu. Bahati mbaya, mifano anayopewa aghalabu ni ile ile ya mtambaji, wajukuu na moto wa jioni, mmoja anasema "Paukwa!" na wengine wanaitikia "Pakawa!" Matokeo yake ni kwamba wengi huihesabu nadharia hii kuwa ya kale na ya kijijini, isiyoweza kuhimili umeme, spika na viwanja vya mpira. Mashabiki wa Grateful Dead wanatuonyesha kinyume cha dhana hiyo. Fauka ya hayo, wanazua swali ambalo vitabu vyetu vya kiada haviliulizi: hadhira inapopewa nafasi kubwa katika utendaji, ni nani atakayeilinda ngoma dhidi ya hadhira yenyewe?

Onyesho lisilorudiwa

Bendi ilianza kwa jina la Warlocks, ikalibadilisha kabla ya mwaka 1965 kumalizika. Wakati huo ilikuwa na vijana watano: Jerry Garcia na Bob Weir kwenye magitaa, Phil Lesh kwenye gitaa la besi, Bill Kreutzmann kwenye ngoma, na Ron McKernan aliyepiga kinanda na kuimba bluzi. Mpiga ngoma wa pili, Mickey Hart, aliongezwa mwaka 1967. Kila mmoja alikuja na mzigo wake. Garcia alikuwa mpiga banjo aliyezama katika muziki wa wakulima wa milimani. Lesh alikuwa amesomea chuoni muziki wa kisasa wa Ulaya chini ya mtunzi Luciano Berio. McKernan alilelewa na santuri za bluzi za Wamarekani weusi. Maneno ya nyimbo nyingi yalitungwa na Robert Hunter, mshairi ambaye kwa kawaida hakupanda jukwaani pamoja nao.

Jambo lililoitofautisha bendi hii na nyingine za rika lake ni kwamba haikuwa na orodha ya nyimbo iliyopangwa. Bendi nyingi za roki zinapokwenda ziarani hukariri onyesho moja na kulirudia kila usiku, hata mzaha wa mwimbaji kati ya wimbo na wimbo huwa ni ule ule. Grateful Dead walikuwa na hazina ya mamia ya nyimbo na waliamua wakiwa jukwaani ni upi ufuate. Onyesho liligawika katika sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa na nyimbo fupi fupi zenye mwanzo na mwisho wake. Ya pili ilikuwa mnyororo: wimbo mmoja uliyeyuka na kuwa mwingine pasipo kituo, katikati wapiga ngoma wawili waliachiwa uwanja peke yao, kisha wapiga gitaa wakarejea na kupiga sauti zisizo na mahadhi yanayotambulika, hadi pale wimbo mpya ulipochomoza kutoka katika vurugu hiyo kama mtu atokaye kwenye ukungu. Shabiki mzoefu aliweza kuutambua kwa noti mbili au tatu kabla wimbo wenyewe haujaanza, na kelele za furaha zilizosikika wakati huo zilikuwa sehemu ya wimbo.

Chukua mfano wa wimbo "Dark Star". Uliporekodiwa studioni na kutolewa katika santuri ndogo mwaka 1968, haukufika dakika tatu. Katika albamu ya onyesho la moja kwa moja iliyotolewa mwaka uliofuata, wimbo huo huo unazidi dakika 23 na kujaza upande mzima wa santuri. Upi ndio wimbo wenyewe? Albert Lord aliwahi kulijibu swali la aina hii katika The Singer of Tales mwaka 1960, alipoeleza kuwa kwa mwimbaji wa tendi hakuna nakala asilia ambayo nyingine zote ni vivuli vyake. Kila utendaji ni asilia. Ruth Finnegan naye, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utungo hauwezi kutenganishwa na tukio la kutendwa kwake. Mashabiki wa Grateful Dead hawakuhitaji kuwasoma wataalamu hawa. Walizitaja nyimbo kwa tarehe na mahali, kama watu wanaozungumzia kuzaliwa kwa watoto: si "Dark Star" tu, bali ile ya usiku fulani, katika mji fulani.

Watu wasioijua bendi hii walishangaa mtu anawezaje kwenda kuwatazama wanamuziki wale wale mara themanini. Mshangao huo unatokana na kufikiri kwamba onyesho ni bidhaa iliyokamilika. Kilichowarejesha mashabiki ni uwezekano wa kushindwa. Wanabendi walisahau maneno, waliimba nje ya ufunguo, walianza wimbo kila mmoja kwa kasi yake. Katika tamasha la Woodstock mwezi Agosti 1969, mbele ya umati mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona hadi wakati huo, walipiga vibaya mno. Jukwaa lilikuwa limelowa mvua na umeme ulikuwa ukiwapiga wanamuziki kila walipogusa vyombo na mikrofoni kwa pamoja. Shabiki aliyenunua tiketi alijua kuwa huenda akapata usiku wa namna hiyo. Alijua pia kwamba, mara moja moja, watu sita jukwaani na maelfu waliowakabili wangefika mahali ambapo hakuna aliyepapanga. Hakuna njia ya kukipata cha pili pasipo kuvumilia cha kwanza.

Usiku wa Hampton ni kielelezo kizuri. Tarehe 8 na 9 Oktoba 1989 bendi ilipiga katika ukumbi wa Hampton, Virginia. Ili kupunguza msongamano wa wasafiri, maonyesho yalitangazwa bila jina la Grateful Dead; tiketi zilisema tu kwamba ni kundi ambalo zamani liliitwa Warlocks. Waliolijua jina hilo la utotoni wakaelewa. Usiku wa pili, katika sehemu ya pili ya onyesho, zikasikika noti za mwanzo za "Dark Star", wimbo ambao haukuwa umepigwa hadharani tangu Julai 1984. Katika kanda za usiku ule sauti ya umati inapanda na kuyafunika magitaa. Ni watu waliongoja miaka mitano, baadhi yao wakiwa vijana waliokuwa wakiujua wimbo huo kwa kanda tu na ambao yamkini walikwisha kukata tamaa ya kuushuhudia. Na kabla hawajatulia, bendi iliporudi jukwaani kuaga iliimba "Attics of My Life", ambao haukuwa umesikika tangu mwaka 1972. Asiyekuwa shabiki angesikia wimbo wa polepole wa sauti tatu, basi.

Ukuta wa spika na msitu wa mikrofoni

Tajriba ya hadhira hutegemea pia vyombo. Mwaka 1974 bendi ilisafiri na mtambo uliobandikwa jina la ukuta wa sauti, uliobuniwa na fundi Owsley Stanley pamoja na wenzake. Ulikuwa na takriban spika 600 zilizopangwa kwenda juu nyuma ya wanamuziki, na uzito wake ulikaribia tani 75. Kwa kawaida wanamuziki husikia sauti tofauti na ile inayowafikia watazamaji. Hapa spika zilikuwa nyuma ya wote, hivyo fanani na hadhira walisikia kitu kimoja. Ili sauti isirudi kwenye mikrofoni na kupiga mbinja, kila mwimbaji aliwekewa mikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume, akaimbia moja tu, na kile kilichoingia katika zote mbili kikajifuta chenyewe. Mtambo huo ulikuwa ghali kupita kiasi kuusafirisha na ulistaafishwa mwezi Oktoba mwaka huo huo, bendi nayo ikapumzika ziara hadi 1976. Hata hivyo unaonyesha jinsi watu hawa walivyolichukulia suala la hadhira kusikia vyema kuwa ni wajibu, si anasa.

Athari iliyodumu zaidi ilitokana na vyombo vidogo vya mashabiki wenyewe. Tangu miaka ya mwanzo walikuwako watu walioingia ukumbini na vinasa sauti. Kampuni za muziki huwahesabu watu hao kuwa wezi. Grateful Dead waliwaachia, kwanza kwa kufumba macho, baadaye kwa idhini rasmi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mikrofoni zilizosimikwa juu ya fito zilikuwa zimeota kama msitu mbele ya meza ya fundi wa sauti, naye hakuweza tena kuliona jukwaa. Mwezi Oktoba 1984, mjini Berkeley, bendi ikaamua kuwatengea wanasa sauti sehemu yao nyuma ya meza hiyo na kuwauzia tiketi maalumu. Sharti lilikuwa moja: kanda isiuzwe. Ilibadilishwa kwa kanda nyingine, na asiye na cha kubadilisha alituma kanda tupu pamoja na stempu za kurudishia, akangoja.

Mtu anayeishi katika zama hizi za simu na intaneti ni vigumu kwake kuelewa kungoja huko kulikuwa na maana gani. Bahasha ilifika baada ya majuma; ndani mlikuwa na kanda mbili, orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwa mkono, na maelezo mafupi kuhusu mahali mnasaji alipokuwa amesimama na aina ya mikrofoni aliyotumia. Aliyeipokea aliinakili kwa wengine. Kila nakala ilipotoa nakala, uvumi wa kanda uliongezeka, hata ile ya kizazi cha sita ilisikika kana kwamba muziki unatoka chini ya maji. Wapokezi wa hadithi simulizi wanaijua hali hii. Tofauti ni kwamba kanda haiongezi cha kwake, inapunguza tu.

Onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell ndilo mfano mashuhuri. Waliohudhuria walitoka ukumbini wakakuta theluji inaanguka, ingawa ulikuwa mwezi Mei. Lilikuwa onyesho zuri, lakini bendi ilipiga vizuri usiku mwingi mwaka ule. Lililoliinua juu ya mengine ni kanda iliyotengenezwa na fundi wa bendi, Betty Cantor-Jackson. Kanda zake zilikuwa zimewekwa ghalani, kodi ikakosa kulipwa, na mwaka 1986 zikauzwa kwenye mnada. Kutoka huko zikaenea mikononi mwa mashabiki. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kanda hiyo ya Cornell katika sajili ya taifa ya sauti za kuhifadhiwa kwa mwaka 2011, ilhali bendi yenyewe haikuitoa rasmi madukani hadi 2017. Kwa muda wa takriban miaka thelathini, kazi iliyokuja kuhesabiwa urithi wa taifa ilitunzwa na watu wasiolipwa chochote, kwenye masanduku ya viatu.

Mji wa siku moja

Uhusiano wa bendi na mashabiki ulipewa sura rasmi mwaka 1971, pale ndani ya jalada la albamu ilipochapishwa nasaha fupi ya kuwataka wasikilizaji walioguswa watume majina na anwani zao. Kutokana na barua hizo likazaliwa jarida na orodha ya majina iliyokua kila mwaka. Mwaka 1983 bendi ilianzisha ofisi yake ya kuuza tiketi kwa njia ya posta. Mashabiki walizipamba bahasha zao kwa picha za mafuvu, mawaridi na dubu wanaocheza, wakiamini kwamba bahasha iliyopambwa ina bahati. Nyingi ya bahasha hizo sasa zimo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ambako bendi ilikabidhi kumbukumbu zake mwaka 2008.

Onyesho halikuanza milangoni. Lilianzia kwenye maegesho ya magari, ambako tangu asubuhi uliibuka mji mzima. Palikuwa na njia kuu iliyopewa jina la mojawapo ya nyimbo za bendi, Shakedown Street, na pande zote mbili watu waliuza mikate iliyochomwa na jibini, mboga zilizofungwa kwenye chapati, shanga, na fulana zilizotiwa rangi kwa kufungwa mafundo. Mapato yalimtosha muuzaji mafuta ya gari hadi mji unaofuata. Asiye na tiketi alisimama ameinua kidole kimoja, akimaanisha kwamba anahitaji muujiza, yaani mtu wa kumpa tiketi ya bure. Jambo la ajabu ni kwamba muujiza ulitokea mara nyingi kiasi cha kuifanya desturi hiyo idumu.

Ndani, kila kundi lilikuwa na mahali pake. Wapenzi wa gitaa la besi walijikusanya upande wa Lesh. Waliopenda kuzunguka kama pia walicheza kwenye kumbi za pembeni, ambako kulikuwa na nafasi. Mashabiki viziwi walitengewa sehemu karibu na jukwaa, pamoja na mkalimani wa lugha ya ishara, na baadhi yao walikumbatia baluni ili kuuhisi mtetemo wa besi kwa mikono na vifua. Waliokuwa wamejitoa katika ulevi na dawa za kulevya walikutana wakati wa mapumziko chini ya baluni za manjano, wakatiana moyo, kisha wakarejea kusikiliza. Kundi hilo lilianza katika miaka ya 1980 na lilikuwa na kazi nzito, kwa kuwa dawa za kulevya, hususan LSD, zilikuwapo tangu siku za mwanzo za bendi na hazikuwahi kuondoka. Kuna vijana waliotoka maegesho wakaingia gerezani kwa miaka mingi, na simulizi tamu za ziara aghalabu huwasahau.

Mwaka 1989 mwanasosholojia Rebecca Adams wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Greensboro, aliwapeleka wanafunzi wake kwenye maonyesho haya kama sehemu ya masomo. Wapo waliodhani ni mzaha. Lakini aliyekwisha kuzisoma sherehe za unyago au jando anatambua mara moja kwamba hapa palikuwa na jamii yenye mavazi yake, msamiati wake, wazee wake na wanagenzi wake, na iliyokuwa na ardhi kwa siku moja tu kila mahali.

La kutajika pia, japo kwa ufupi, ni safari ya Misri. Kati ya tarehe 14 na 16 Septemba 1978 bendi ilipiga usiku tatu chini ya piramidi za Giza. Mwanamuziki Mnubi Hamza El Din aliwafungulia kwa udi, matari, makofi na sauti za Wanubi wenzake, na wanabendi wakajiunga naye kidogo kidogo hadi mapigo ya Kinubi yakageuka kuwa ya roki. Usiku wa tatu mwezi ulipatwa. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, piano haikukaa sawa, na wanabendi wenyewe waliziona kanda kuwa dhaifu kiasi kwamba albamu iliyokusudiwa haikutolewa hadi 2008. Waliokuwapo hawakubaliani na hukumu hiyo. Huenda kila upande una haki yake, maana kanda haikuunasa mwezi.

Ngoma inapopasuka

Mwezi Julai 1986 Garcia alizirai kwa ugonjwa wa kisukari, akalala siku kadhaa bila fahamu, na alipozinduka ilimbidi ajifunze upya kupiga gitaa. Tarehe 15 Desemba mwaka huo alirudi jukwaani mjini Oakland, na wimbo wa kufungulia ulikuwa "Touch of Grey", unaohusu kuota mvi na kustahimili. Mashabiki waliokuwapo walilia. Mwaka uliofuata wimbo huo ulitolewa katika santuri, ukafika nafasi ya tisa kwenye chati ya Marekani. Bendi iliyokuwa na umri wa miaka 22 ikapata kwa mara ya kwanza wimbo wa kuingia kumi bora, na hapo ndipo ilipoanza kuharibikiwa.

Wageni walikuja kwa maelfu. Wengi hawakuwa na tiketi wala haja ya kuwa nayo. Walivutiwa na mji wa maegesho kuliko muziki. Mashabiki wa zamani waliwabandika majina ya dharau, jambo lisilo la haki kabisa, kwani kila mzee wa ziara aliwahi kuwa mgeni. Kosa halikuwa ugeni. Kosa lilikuwa kwamba desturi zilizofundishwa na mtu kwa mtu, polepole, hazikuweza kufundishwa kwa umati ulioongezeka maradufu ndani ya msimu mmoja. Miji ikaanza kuikataa bendi. Mwaka 1989 wanabendi walipiga marufuku biashara na kulala katika maegesho, wakawaandikia mashabiki barua za kuwasihi. Biashara ilipungua hapa, ikachipuka pale.

Tarehe 2 Julai 1995, katika uwanja wa Deer Creek, jimbo la Indiana, bendi ilipiga huku taa za uwanjani zikiwa zimewashwa, kwa kuwa palikuwa na tishio dhidi ya maisha ya Garcia. Wakati onyesho likiendelea, maelfu ya watu waliokuwa nje wakauangusha uzio na kumiminika ndani. Baadhi ya waliokuwa ndani waliwashangilia. Onyesho la siku iliyofuata likafutwa, jambo ambalo bendi haikuwa imewahi kulazimishwa kulifanya na mashabiki wake yenyewe. Siku chache baadaye ikatolewa barua kwa jina la wanabendi wote, ikieleza kwa lugha kavu kwamba kama watu wanautaka muziki uendelee, asiye na tiketi abaki nyumbani. Usiku wa tarehe 5 Julai roshani ya nyumba moja katika kambi ya mashabiki jimboni Missouri iliporomoka, zaidi ya watu 100 wakajeruhiwa.

Ni rahisi kuwalaumu walioangusha uzio peke yao. Lakini bendi iliyojenga utendaji wake juu ya kutoitenga hadhira, iliyoacha mikrofoni ziingie na soko liote mlangoni pake, haikuwa imewahi kulazimika kuchora mstari. Fanani wa kijijini huwajua wasikilizaji wake kwa majina na anaweza kumtoa nje mtoto mtundu. Garcia, aliyekuwa mgonjwa na mraibu wa heroini, alichukia kuitwa kiongozi. Wale walioshangilia kutoka ndani, ambao wengi wao waliijua miiko yote, wana la kujibu zaidi kuliko waliokuwa nje.

Onyesho la mwisho lilifanyika tarehe 9 Julai 1995 katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago. Hakuna aliyejua kuwa ni la mwisho. Wimbo wa kufungia ulikuwa "Box of Rain", ulioimbwa na Lesh; mahadhi yake aliyatunga wakati baba yake alipokuwa mahututi, na Hunter akayatilia maneno. Kisha zikapigwa fataki, watu wakaenda zao. Garcia alifariki tarehe 9 Agosti, akiwa na umri wa miaka 53.

Baada ya fanani

Baada ya hapo zilibaki kanda. Zilipohamia kwenye intaneti, maelfu ya maonyesho yaliweza kusikilizwa na yeyote bila malipo, hadi Novemba 2005, ambapo zile zilizonaswa kutoka kwenye mitambo ya bendi yenyewe ziliondolewa kwenye hifadhi kubwa ya umma. Mashabiki walipinga kwa hasira, na Lesh mwenyewe akasema hakuwa na habari za uamuzi huo. Zile zilizonaswa na hadhira zikaruhusiwa kuchukuliwa tena. Zile za mitambo zikabaki za kusikilizwa tu. Mgawanyo huo unafikirisha. Ulikuwa kama kusema kwamba alichosikia fanani ni mali ya fanani, na alichosikia msikilizaji ni mali ya msikilizaji.

Mwezi Julai 2015, miaka 50 tangu bendi kuundwa, Weir, Lesh, Kreutzmann na Hart walirudi Soldier Field kwa maonyesho matatu ya kuagana, gitaa la Garcia likipigwa na Trey Anastasio, kijana wa bendi nyingine iliyorithi sehemu ya mashabiki hao. Zaidi ya watu 70,000 walihudhuria kila usiku. Mjadala ulikuwa mkali kuhusu kama Anastasio alistahili, na waliokuja na kipimo cha 1977 walirudi na manung'uniko. Mwaka huo huo Weir, Hart na Kreutzmann waliunda kundi jingine pamoja na John Mayer, ambalo lilizunguka hadi 2023 na kuwapatia vijana waliozaliwa baada ya kifo cha Garcia onyesho lao la kwanza. Lesh alifariki mwezi Oktoba 2024.

Katika usiku ule wa mwisho wa Chicago, tarehe 5 Julai 2015, sehemu ya pili ilifungwa kwa "Not Fade Away", wimbo wa Buddy Holly uliorekodiwa mwaka 1957 na ambao Grateful Dead waliupiga tangu miaka ya 1960. Kulikuwa na desturi ya miaka mingi kuhusu wimbo huo. Wanabendi huweka vyombo chini mmoja baada ya mwingine na kuondoka, ilhali hadhira inaendelea na kiitikio na makofi yake matano, bila chombo chochote, mpaka waimbaji warejee. Usiku ule vyombo vilinyamaza, jukwaa likabaki tupu, na makofi yakaendelea kutoka pande zote za uwanja. Wanabendi waliporudi waliimba "Touch of Grey", kisha "Attics of My Life".